Sura ya Sita: Betri Kwenye Ungo

Sajenti Meshaki hakuwahi kuipenda kesi inayokuja imepikwa, imepakuliwa, na kijiko kimewekwa juu. Hii ilikuja hivyo. Mwizi yupo, amekiri, ameweka dole gumba. Kilichobaki ni kumfikisha mahakamani kesho asubuhi, na mkuu wa kituo alikuwa ameshasema bila kuinua macho, "Meshaki, hiyo imekwisha. Usinitafutie kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa imemchosha kabla hajaitafuta. Magoti yalimuuma kwa baridi, viatu vilikuwa havijakauka tangu mvua zianze, na Land Rover ya kituo ilikuwa imesimama uani bila mafuta, kuku wametaga mayai chini yake. Alivuta kiti karibu na dirisha penye mwanga, akasoma tena yale maelezo ya onyo aliyoyatoa mtuhumiwa.

"Mimi Tupokigwe, mke wa Erasto, mkulima wa Kyimo, nasema kwa hiari yangu. Siku ya Jumatano niliingia chumbani kwa baba mkwe wangu akiwa shambani, nikachukua mashine ya kunasia sauti na boksi la kanda vilivyokuwa chini ya kitanda. Jioni ile ile niliviuza kwa mtu nisiyemjua aliyekuwa anasubiri gari la Kyela. Nimeiba peke yangu."

Mashine na kanda vilikuwa vya Dokta Hellen, mama mmoja wa Bukoba aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa lugha. Si Kiingereza, wala si Kinyakyusa kinachosemwa wilaya nzima. Yeye alifuata Kisyeto, lugha ya koo chache zilizoshuka zamani kutoka mlimani, ambayo hata Meshaki, aliyezaliwa Masoko, alikuwa ameisikia mara mbili tatu tu misibani. Waliokuwa wakiisema tangu utotoni walibaki wawili, Mzee Ambindwile wa Kyimo na dada yake Elina. Msimu baada ya msimu Dokta alikaa nyumbani kwa mzee akinasa sauti zao, na vifaa akiviacha pale pale, maana nyumba ya wageni aliyopanga mjini ilikuwa imewahi kuvunjwa na wezi. Halafu Elina akafa, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Dokta alipokuja kuchukua vitu vyake avisafirishe Ulaya kwa wafadhili, mzee alimjibu neno moja: "Havipo."

Nchi ilikuwa katika miaka ile ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufa hospitali kama huna cha kuchangia. Ushirika ulishavunjwa watu wanautazama, wafanyakazi wa mashamba ya chai walikuwa wanapunguzwa kama majani yenyewe, na Erasto mume wa Tupokigwe alikuwa mmoja wa waliopunguzwa, akaenda Chunya kuchimba dhahabu ya watu wengine. Waliochukua ngozi walikuja, waliochukua kahawa walikuja. Sasa ilikuwa zamu ya sauti. Hapo hakuna aliyeona ajabu, maana sauti haina ushuru.

Meshaki aliagiza mtuhumiwa aletwe.

Alikuja na mtoto mgongoni. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyezoea kutazama chini bila kushindwa. Alikaa ukingoni mwa benchi kana kwamba benchi lina mwenyewe.

"Mtoto amelala?"

"Amelala, afande."

"Ananyonya?"

"Ananyonya. Ila maziwa yanapungua."

"Yatapungua zaidi. Kesho ukirudia mbele ya hakimu haya uliyosema hapa, utakwenda gerezani, na huyo mgongoni atakwenda nawe. Wale wawili uliowaacha nyumbani watalelewa na nani, sijui. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa."

"Na bado umeiba wewe."

"Ni mimi."

Meshaki alikuna kidevu. "Haya. Hicho kitanda ulichotoa mashine chini yake, kimekaa upande gani?"

"Kimekaa ukutani."

"Kitanda gani kisichokaa ukutani? Ukuta upi? Wa mlimani au wa barabarani?"

Tupokigwe alikaza khanga iliyombeba mtoto.

"Chumba kina mlango wa mbao, au wa bati?"

"Wa mbao," alisema, akiwa amechelewa kidogo.

"Nyumba hiyo ni ya nani? Nitajie jina la mwenyewe niandike."

Tupokigwe aliinamisha kichwa, akavuta khanga mpaka ikamfunika paji la uso. "Andika unalolijua, baba."

Hapo hakuwa tena afande, amekuwa baba. Meshaki aliweka kalamu chini. Mke wake mwenyewe, mlokole, mwimbaji wa kwaya, mpaka leo chumvi aliiita kwa jina jingine kwa sababu neno la Kinyakyusa la chumvi lilifanana na jina la baba yake Meshaki, na huyo baba alishageuka udongo. Ndiyo ukutila. Mke hamtazami baba mkwe, hamtaji, hapiti njia yake, haingii nyumbani mwake. Mjini wengi wameacha, na wenye dini nao wanapunguza kidogo kidogo. Lakini zipo nyumba ambazo bado jambo hili linasimama kama nguzo ya kati.

"Tangu uolewe, umeingia mle ndani mara ngapi?"

"Siku hiyo tu."

"Yaani vyote umevunja siku moja. Ukutila umevunja, wizi umefanya, na mgeni wa Kyela umempata barabarani anasubiri na fedha mkononi."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Mama, wewe husemi uongo vizuri."

"Basi niandikieni vizuri nyie mnaojua," alisema Tupokigwe, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na ukali ndani ya sauti yake. Kisha mtoto akalia, na mazungumzo yakaisha.

*

Kilichokuwa kimebaki katika jalada ni jina moja, Yussuph wa Bagamoyo. Si ile Bagamoyo ya pwani, ni kata hii hii ya mjini Tukuyu. Duka lake lilikuwa na kibao, KUREKODI KANDA HAPA, na spika iliyowekwa barabarani kupigia watu kelele bila idhini yao. Mtu alikuwa amemwona Tupokigwe pale. Mwizi wa mashine ya kanda na muuza kanda: hata mkuu wa kituo asiyependa kazi alikuwa ameipenda hiyo.

Yussuph alimwona askari akivuka barabara, akazima muziki.

"Karibu, Sajenti. Imepotea nini?"

"Nani kasema kuna kilichopotea?"

"Aa! Kikipotea chenye waya mnakuja kwa Yussuph. Akipotea ng'ombe mtaenda kwa nani? Babu yangu kazikwa mji huu, bado mnaniuliza nimetoka wapi."

"Mimi sikuulizi umetoka wapi. Nakuuliza huyu mama wa Kyimo, mwenye mtoto mgongoni, alikuja kukuuzia nini?"

"Kuniuzia?" Yussuph alicheka bila furaha. "Alikuja kununua. Betri, zile kubwa. Mawe, kama mnavyoita nyie."

"Lini?"

"Ijumaa. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka msikitini. Kaja na mkungu wa ndizi kichwani, anataka tubadilishane. Nikamwambia mama, hapa siyo gengeni. Akaondoka. Nikajua ndiyo basi. Nikashangaa karudi hana mkungu, kashika hela mkononi zimelowa jasho. Akachukua betri, kazifunga kwenye pindo la khanga kama mtu aliyebeba mayai."

"Hukumuuliza za nini?"

"Nilimuuliza, una redio gani nikupe zinazofaa? Akasema, si zangu, ni za mtu."

"Mtu gani?"

"Sajenti, mimi nauza betri, siuzi maswali." Kisha akainama juu ya kaunta, akashusha sauti. "Sikiliza. Nimekwambia ukweli kwa sababu ni ukweli. Usije ukanigeuza shahidi wa kumfunga mama mwenye mtoto mchanga. Kwa Mungu hilo sitaki."

Meshaki alisimama nje chini ya bati, akitazama maji yakikimbia mtaroni. Mkuu wa kituo angeipokea habari hii kwa mikono miwili. Amenunua betri, basi mashine anayo. Anayo, basi kaiba. Kesho hakimu naye angesema vivyo hivyo.

Lakini mwanamke alikuwa amekiri kwamba mashine aliiuza Jumatano jioni. Ijumaa mchana anauza mkungu wa ndizi, chakula cha wanawe, anunue betri. Za nini? Aliyeuza panga hanunui tupa. Kwa hiyo mashine haikuuzwa. Na kama haikuuzwa, basi mtu wa Kyela hayupo, hajawahi kuwepo, na askari wa kizuizi cha barabara ya Kyela walikuwa wamepekua mizigo ya abiria wa Mungu bure.

"Ni za mtu," alisema Meshaki peke yake. Mtu asiye na jina. Mtu gani huyo asiyetajika?

Akakaza mkanda, akaenda kutafuta lifti.

*

Lori la majani mabichi ya chai lilimshusha Kyimo. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka ghafla, lile jua la Rungwe linalokuja kama mgeni mwenye haraka, na watu walikuwa wanalikimbilia: nguo juu ya ua, maharage kwenye mikeka, magodoro ya watoto kwenye migomba.

Mji wa Mzee Ambindwile ulikuwa na nyumba mbili, ya mzee mbele na ya Erasto nyuma. Meshaki hakupiga hodi mara moja. Alizunguka kwanza, mikono nyuma, macho chini. Kutoka nyumba ya nyuma njia ya kwenda mtoni ingepita moja kwa moja mbele ya mlango wa mzee. Haikupita. Ilikuwa imepinda, ikazama migombani, ikazunguka mbali na kuibuka upande wa pili, imechimbika kwa miguu ya miaka. Katikati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na jiwe pana, jeusi, na juu yake bakuli lililofunikwa kifudifudi.

Mbele ya mlango wa mzee kulikuwa na ungo. Watu wote wa Kyimo walikuwa wameanika maharage. Kwenye ungo wa Mzee Ambindwile kulikuwa na betri kuukuu, zimepangwa safu kama askari wa gwaride, tumbo limeelekea jua.

Mzee alitoka. Alikuwa mrefu, koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu bandia, kofia ya sufu.

"Ugonile, tata," Meshaki alisalimu kwa Kinyakyusa, kama anavyosalimiwa baba.

"Ndaga fijo. Wewe ni wa selikali." Alisema bila kuuliza, kwa Kiswahili cha wazee wa huku, chenye l mahali pa r hapa na pale. "Kaa. Jua halikai, sisi tukae."

Walikaa kwenye gogo. Meshaki alinyoosha mguu wenye maumivu.

"Unaanika nini, mzee?"

"Si unaona? Mawe. Yakipata joto yanaamka kidogo."

"Una redio?"

"Nilikuwa nayo. Ilikwenda na msiba wa dada yangu, tulipokosa sanda na sukari."

"Sasa mawe yanaamka yamhudumie nani?"

Mzee alitazama mlima. Wingu lilikuwa linapanda kutoka Masoko kuja kumnyang'anya jua lake.

"Hawa wengine wako wapi?" Meshaki aliuliza. "Naona nyumba ya nyuma imefungwa."

"Mtoto ana homa. Wako hospitali, Makandana. Wale wakubwa wako kwa jirani. Nilikuwa matangani ng'ambo, niliporudi majirani wakaniambia."

"Majirani wamekuficha, mzee, kwa kukuonea huruma. Hayuko hospitali. Yuko kituoni, yeye na mtoto. Amesema mashine ya yule mama msomi ameiba yeye, ndani ya chumba chako, chini ya kitanda chako. Kesho anapelekwa kwa hakimu."

Mzee hakusogea. Mkono wake tu ulikwenda kwenye ungo, ukaigeuza betri moja, ukaiacha.

"Chumbani kwangu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hajawahi kukanyaga hata kivuli cha hiyo nyumba!"

"Najua. Nilimuuliza mlango, akasema wa mbao." Meshaki alitazama ndani. Mlango wa chumba ulikuwa gunia la kahawa lililotundikwa kwa misumari. "Tata, mimi nimechoka, na wewe umechoka. Ijumaa aliuza mkungu wa ndizi akanunua betri mpya. Zilifikaje kwako?"

Mzee aliusogeza ungo ufuate jua. Alipoanza kusema alisema taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo usiwe na kishindo.

"Nilikuwa nasikiliza usiku. Sauti ya Elina ikaanza kuwa nzito, ikawa inavuta, kama mtu anayesinzia. Kisha ikanyamaza. Nikajua mawe yamekufa. Sikumwambia mtu. Jioni ya pili nilikuta bakuli langu kwenye jiwe, chakula kimo, na kando ya bakuli mawe mapya. Alikuwa anasikia kutoka nyumba ya nyuma. Alisikia Elina anakufa mara ya pili."

"Ukamshukuru?"

"Ningemshukuruje? Tuna namna yetu. Nikila nikashiba nalifunika bakuli. Siku ile nililiosha mwenyewe, ndipo nikalifunika."

Meshaki aligeuka akalitazama lile bakuli juu ya jiwe.

"Kwa nini uliificha, mzee?"

"Nilimwomba nakala. Huyo mama si mtu mbaya. Alikaa hapa, alikula ndizi zetu. Nikamwambia, unapoondoka niachie Elina wangu. Mara ya kwanza akasema atauliza. Mara nyingine akasema wenye kazi hawajajibu. Nikaona anafunga mizigo." Alitema mate pembeni. "Umesikia walivyokuwa wanatulekodi? Alikuwa anasema, sema nimekula sasa hivi. Sema nilikula leo asubuhi. Sema nilikula jana. Sema nilikula zamani. Kwetu kila kula kuna mlango wake. Rudia, sauti ipande. Rudia, sauti ishuke. Mpaka Elina akachoka, akaniuliza kwa Kisyeto, 'Huyu mtoto kwani hajala tangu zamani hizo?' Akacheka. Kicheko kimo. Sasa dunia nzima hakuna mtu mwingine atakayenijibu kwa lugha hiyo ila yeye, na yeye yumo ndani ya boksi. Nani alimkatia tiketi ya kwenda bila kurudi?"

"Ipo wapi?"

Mzee alielekeza kidole juu. Darini, juu ya moshi wa jikoni, yanakolala mahindi ya mbegu. Aliipandia ngazi mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Alishuka na mashine, akashuka tena na boksi, vyote vimefunikwa kwa shuka jeupe, lile la kanisani.

Meshaki alihesabu vielelezo, akavifunga. Kisha akauliza swali ambalo alikuwa amelibeba tangu kwenye lori.

"Tangu mama msomi alipoviacha hapa, vitu hivi vimetoka nje ya nyumba hii?"

"Vitoke viende wapi?"

"Chini ya kitanda mpaka darini tu."

"Basi."

"Vizuri sana, tata. Chukua kofia nyingine, mvua inakuja."

*

Kwenye geti la kituo mzee alisimama kama aliyepigwa breki.

"Yumo?"

"Yumo, kaunta. Anasubiri."

"Basi siingii."

"Mzee, usipoingia huyu mama haachiwi! Lazima useme mbele ya mkuu."

"Nitasema. Nitasemea hapa hapa kwenye mvua. Yeye kakubali jela asinitaje. Mimi nimwingilie alipokaa, nimtazame usoni? Bora mnifunge."

Miaka yote ya kazi Meshaki alikuwa amewahi kuhamisha watuhumiwa kwa sababu ya mapigano, ya kipindupindu, ya ziara ya waziri. Hii ilikuwa mpya. Akaingia, akamwambia askari wa kike ampeleke Tupokigwe chumba cha nyuma, mlango ufungwe. Hakumpa sababu. Lakini Tupokigwe aliposikia kikohozi kule getini, alikwisha kusimama mwenyewe, khanga usoni, anautazama ukuta.

Dokta Hellen aliitwa kutoka nyumba ya wageni. Alikuja na mwavuli uliovunjika mbavu moja. Alipoiona mashine juu ya meza alifumba macho.

"Asante, Mungu wangu."

"Itambue kwanza," alisema Meshaki. "Utaratibu. Iwashe, tuhakikishe ni yenyewe."

Dokta aliweka kanda, akabonyeza. Kulikuwa na mchakacho wa mvua kwenye migomba, mvua ya siku nyingine, kisha sauti ya mwanamke mzee, nyembamba, kali, inapanda na kushuka kama mtu anayetembea kwenye matuta. Iliuliza kitu. Sauti ya mzee ikajibu. Kisha kicheko, kirefu, mpaka kikawa kikohozi. Nyuma ya mlango uliofungwa, mtoto aliacha kulia.

Mzee Ambindwile alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alisema neno moja kwa lugha yake, akiielekea mashine. Mashine haikumjibu. Ilikuwa imeshaendelea na mambo mengine.

Mkuu wa kituo alikohoa. "Kwa hiyo aliyeiba ni mzee."

"Hapana, afande," alisema Meshaki. "Mlalamikaji aliacha mali yake katika nyumba ya mzee kwa hiari. Imekutwa katika nyumba ya mzee. Imehama chini ya kitanda ikaenda darini. Hakuna kilichoibwa hapa."

"Na yule aliyekiri?"

"Amekiri kuuza kitu ambacho hakijauzwa, kwa mtu ambaye hayupo, kutoka chumba asichokijua mlango wake. Nikimpeleka kwa hakimu ataulizwa nani aliandika hayo maelezo."

Mkuu alimsukumia jalada. "Nilikuambia usinitafutie kazi."

"Nimekupunguzia, afande. Siku hizi kila kitu kinapunguzwa."

Dokta Hellen alikuwa bado ameshika kitufe cha mashine. "Mzee, sikukunyima," alisema taratibu. "Niliandika kuomba kanda tupu. Unajua chuo kinanipa nini? Chaki. Na chaki yenyewe siku hizi tunachanga. Kule Ulaya kuna chumba kikavu, zitadumu. Hapa kanda zitaota ukungu."

"Ukungu?" Mzee alinyoosha mkono kuelekea dirishani, ambako mlima ulikuwa umeshamezwa wote. "Sisi tumezaliwa humo. Hatujaoza."

Dokta alikaa kwenye benchi aliloliacha Tupokigwe, likiwa bado na joto.

"Kesho mchana ninaondoka," alisema. "Kanda tupu sina hata moja."

"Vielelezo haviwezi kutoka kituoni mpaka jalada lifungwe," alisema Meshaki. "Na jalada nalifunga mimi. Kesho mchana nitakuwa nimemaliza." Alilibeba boksi kwapani. "Kielelezo kikihitaji uchunguzi kinapelekwa kwa mtaalamu. Mtaalamu yuko Bagamoyo."

Yussuph alipoambiwa shida yenyewe, alishika kichwa. "Kanda tupu napata wapi, Sajenti?" Kisha akazitazama rafu zake, akaanza kushusha kanda za bolingo za kufuta na kunakilia, moja moja, akinung'unika kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja.

Tupokigwe aliachiwa kwa mlango wa nyuma. Mzee aliondoka kwa mlango wa mbele. Barabara ya Kyimo ilikuwa moja, kwa hiyo Meshaki alimshika mzee mkono, akamsimamisha chini ya bati kwa mazungumzo yasiyo na kichwa wala miguu, mpaka mwanamke na mwanawe walipopotea kwenye kona.

*

Dokta Hellen alisafiri na mashine, na boksi lake kamili. Mzee Ambindwile akabaki na kanda zake kwenye mfuko wa rambo, na betri, na hana pa kuzitia. Hilo Meshaki hakuwa amelifikiria. Hakuna aliyelifikiria, kama kawaida ya nchi hii: tunagawana sauti, mashine inakwenda na mwenye nayo.

Siku ya soko alipita Bagamoyo akielekea kwenye kesi ya kuku. Spika ya Yussuph ilikuwa kimya kwa nje. Ndani, Mzee Ambindwile alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, kofia magotini, na kutoka kwenye mashine ya dukani Elina alikuwa anasema amekula sasa hivi, alikula leo, alikula jana. Mzee alikuwa anamjibu. Wateja waliingia, wakasikia, wakashusha sauti zao bila kuambiwa.

Meshaki alizunguka ukuta wa duka. Kule nyuma, chini ya dirisha dogo, Tupokigwe alikuwa amepanga mafungu ya ndizi juu ya gunia, mgongo wake ukutani, mtoto anachezea ganda. Soko halikuwa upande ule. Hakuna mteja aliyepita huko.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Biashara?"

"Siyo mbaya," alisema, na hakuna fungu lililokuwa limetoka.

Hapo umeme ukakatika. Mtaa mzima uliguna mara moja, ule mguno wa mgao ambao watu walikuwa wameshauzoea kama kikohozi. Ndani ya duka sauti ya Elina ilivuta, ikawa nzito, ikafa kabla hajafika zamani.

Tupokigwe hakugeuka. Alifungua pindo la khanga, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, na bila kutazama akaweka betri kwenye ukingo wa dirisha, moja baada ya nyingine. Kwa ndani mkono wa Yussuph ukazichukua.

Sajenti Meshaki alinunua fungu moja la ndizi asilolihitaji, akaenda zake kwenye kesi ya kuku.